Jua la Saa Moja

Nyumbani kwetu mimi ndiye mtangazaji wa jua. Kazi hiyo haina mshahara wala cheo, lakini nimeifanya miaka thelathini na mmoja, tangu nilipomwoa Nyangi. Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama tunaifungua Sabato, na Jumamosi jua likizama tunaifunga kwa wimbo na sala, wote pamoja, ndipo mtu anaruhusiwa kuwasha jiko au kuulizia habari za duka. Nyuma ya nyumba yetu hapa Iringo, katikati ya mapaa mawili ya majirani, kuna upenyo unaoonyesha kipande cha ziwa. Ninasimama pale na kutazama. Jua likishamezwa na maji ninaingia ndani na kusema, "Limezama," naye Nyangi anafungua kitabu cha nyimbo.

Siku za mawingu ninawaangalia yangeyange. Wakishapita wote kwenda kulala kwenye mawe ya ziwani, najua muda umefika. Watoto wetu walipokuwa wadogo, njaa ikiwabana, walikuwa wakinibembeleza nilizamishe mapema. Sikuwahi kukubali. Na Nyangi katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza kama nina hakika. Neno langu lilimtosha. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ijulikane nilikuwa na nini kabla sijakiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mtoto wetu wa kwanza, Debora, ambaye ni nesi Marekani, alitutumia ujumbe kwamba mwezi wa sita twende tukamtembelee. Angetulipia nauli, tungekaa kwake wiki mbili, na mwisho wa wiki mmoja angetupeleka kupumzika Las Vegas, mwendo wa saa tano kwa gari kutoka kwake.

"Si ndiyo huo mji wa makasino?" Nyangi aliuliza kwenye simu.

"Mama, hakuna anayekulazimisha kucheza kamari. Watu wanaenda kuangalia taa, chemchemi, na shoo. Shoo za jukwaani, mubashara. Nitawanunulia tiketi ya shoo moja nzuri. Nawatumia orodha, mchague wenyewe."

Kanisani tulisema tunakwenda kumwona mtoto. Habari ya makasino tuliiacha, maana wazee wa kanisa tunawafahamu.

Orodha ilikuja na picha tano. Tuliketi kwenye kochi Jumapili mchana, duka la nyavu nikiwa nimelifunga, simu ikiwa katikati yetu. Ya kwanza ilikuwa ya wanasarakasi wanaoruka juu ya maji.

"Wamevaa nini hawa?" Nyangi aliuliza.

Nilivuta picha. "Hawajavaa."

"Pitisha."

Ya pili mchekeshaji. Nyangi alisema mtu huyo atachekesha kwa Kiingereza na sisi tutabaki kumhesabu meno. Ya tatu mwimbaji wa zamani mwenye suti inayometameta. Nyangi alimwonea huruma kwa umri wake, akapitisha. Ya nne ilikuwa ya mfanya mazingaombwe ambaye anasimamisha gari zima jukwaani, analifunika kitambaa, na akikivuta gari halipo. Hiyo niliipenda. Nilimwonyesha mara mbili.

"Huyu kazi yake ni kudanganya kwa mikono," Nyangi alisema. "Nitakaa saa nzima namwangalia mtu akinidanganya?"

Ya tano ilikuwa kwaya ya injili. Jumapili asubuhi, ukumbini, watu wakila kifungua kinywa. Pichani kulikuwa na mama mmoja mweusi wa makamo, nywele zimeanza mvi, kavaa joho la zambarau, mdomo wazi na macho kafumba. Nyangi aliichukua simu kutoka mkononi mwangu, jambo ambalo huwa halifanyi.

Inabidi nieleze. Nyangi ni mtu wa Butiama, na usichana wake wote alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya kwao. Mimi nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nje ya kanisa, natafuta kivuli. Nilipomleta Musoma likaja duka, wakaja watoto watano, na mazoezi ya kwaya yalikuwa saa zile zile za kufunga hesabu za duka. Nilimwambia apumzike kidogo, mambo yakikaa sawa atarudi. Mambo hayakukaa sawa mpaka sauti yenyewe ikachoka.

"Nataka hii," alisema. "Nataka nisikie wenzetu wanavyoipangaga sauti ya pili."

Nikasema sawa. Na siku ile nilimaanisha.

Jumatano yake nilikwenda Bunda kupima suti kwa Kasmiri. Kasmiri ni fundi cherehani, duka lake lipo karibu na stendi, tumesoma wote darasa moja na tangu hapo hajaacha kunichokoza. Ni Mkatoliki, na Usabato wangu kwake ni chakula cha kila siku. Akiwa na sindano mdomoni aliniuliza huko Las Vegas nitaona nini. Nikamweleza habari ya orodha, na kwamba tumechagua kwaya.

Kasmiri alizitoa sindano mdomoni ili acheke vizuri.

"Eliud, wewe unavuka bahari kwenda kuangalia kwaya? Si ungeniambia, hapa Bunda zipo sita, na unakaa bure."

"Ni chaguo la mama Debora."

"Sawa. Utarudi Musoma watu wamekaa dukani kwako, wanakuuliza, mzee, umeona nini Amerika? Unawaambia, nimeona watu wanaimba." Akanigeuza anipime mgongo. "Na hilo gari linalopotea umeliacha. Mimi ningekuwa wewe nisingerudi."

Ningeweza kucheka yakaisha. Badala yake maneno yale yalinichoma, maana nilikuwa nayo tayari ndani yangu. Kasmiri aliyasema tu kwa sauti. Suti ikiwa nusu mwilini, upande mmoja una mkono na mwingine hauna, nilimpigia Debora pale pale.

"Mama amebadilisha," nilimwambia. "Anataka ya mazingaombwe."

"Mama? Mazingaombwe?" Debora alicheka. "Haya. Ila ile ipo Jumamosi saa moja jioni, baba. Mama hatakuwa na shida?"

"Shida gani? Saa moja jua si limeshazama."

"Baba, lakini huku kipindi hiki jua—"

Niliogopa maswali. Mtu anayedanganya hapendi simu ndefu. "Nunua, mwanangu, fundi ananisubiri hapa," nikamkatia. Baadaye aliniandikia, "Mama kakubali saa hiyo?" nikajibu, "Kakubali."

Jioni ile nilimwambia Nyangi kwamba tiketi za kwaya zimeisha.

"Zote?"

"Debora anasema zinajaaga mapema sana."

Alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati langu moja, akalinyoosha kwa kiganja. "Basi. Watu wa kule nao wanapenda kuimba," alisema, na nikaona kabisa kwamba ameumia na kwamba hataki kunionyesha. Kisha akauliza, "Sasa tutaona ipi?"

"Ile ya gari. Jumamosi saa moja jioni."

"Jua litakuwa limezama?"

"Limezama kitambo."

Akaendelea kukunja. Musoma, iwe masika au kiangazi, ikifika saa moja jioni kuku wameshalala. Sikuwahi kuishi mahali ambapo jua lina tabia nyingine. Lakini siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Debora alitaka kuniambia, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Tulifika Las Vegas Ijumaa mchana. Joto la kule linakupiga usoni kama ukifunua sufuria ya ugali. Sabato tuliifungulia chumbani hotelini, ghorofa ya kumi na saba, Debora akiwa nasi, tukasali na tukaimba kwa sauti ya chini. Jua lilichelewa kuzama, lakini tulikuwa tumechoka na safari na pazia lilikuwa zito. Nilichungulia mara moja nikaona bado kuna mwanga, nikalala kwenye kiti. Nyangi ndiye aliyeniamsha. Hata hapo sikujumlisha moja na moja.

Jumamosi jioni Debora alitushusha mbele ya ukumbi, uliomo kwenye kasino moja. Alikuwa amenunua tiketi mbili tu, zetu; yeye alikwenda kumwona rafiki yake na angeturudia saa mbili unusu. Tulishuka garini, mimi na suti ya Kasmiri, Nyangi na gauni lake la buluu na mkoba wenye kitabu cha nyimbo, maana tulipanga tufunge Sabato hapo nje kabla ya kuingia.

Nyangi alisimama. Alitazama juu, kisha akanitazama mimi.

Jua lilikuwa limekaa angani kama saa kumi na moja ya Musoma, halina haraka na mtu. Watu walikuwa wanapita na miwani nyeusi. Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa moja kasoro robo.

"Baba Debora," alisema. "Ulisema limezama."

"Saa zao ziko hivyo. Kwetu sasa hivi ni Jumapili alfajiri. Sabato imeisha jana."

"Kwetu hatupo."

Mlangoni kijana wa tiketi alikuwa anatangaza kwamba baada ya saa moja milango inafungwa na haifunguliwi. Kiingereza changu ni cha sekondari, lakini hilo nililielewa. Nikamwambia Nyangi kwamba tiketi hazirudishwi, kwamba ni jasho la mtoto, kwamba Mungu anaona tumetoka mbali. Yote hayo niliyasema haraka haraka, mikono ikipepea. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ingia wewe," alisema. "Mimi nitasubiri lizame."

Hakuninunia. Angeninunia ningepata pa kushikia. Alikwenda kwenye benchi karibu na chemchemi, akapangusa vumbi kwa leso, akaketi akilitazama jua. Nilisimama kati ya benchi na mlango. Ninaweza kusema nilisukumwa na umati, lakini si kweli. Niliingia kwa miguu yangu.

Gari lilipotea. Ni kweli linapotea, sijui hata leo wanafanyaje. Lilikuwa jekundu, injini inanguruma, kitambaa kikashuka, kikavutwa, hakuna kitu, na watu elfu wakapiga kelele. Mimi nilipiga makofi. Kisha yule bwana akasogea mbele ya jukwaa na kusema, sasa kila mtu amshike mkono aliyekuja naye, nawaonyesha jambo la mwisho. Taa zikapungua. Kushoto kwangu kulikuwa na kiti kitupu, kimejikunja chenyewe. Kulia alikuwa mama wa Kizungu amemshika mumewe. Nilikaa na mikono yangu mapajani. Hilo jambo la mwisho sikuliona, kwa sababu nilikuwa nafikiria kwamba huenda sasa hivi jua ndiyo linazama, na nyumba yangu haina mtangazaji.

Nilipotoka giza lilikuwa limeingia na taa za mji mzima zimewaka. Nyangi alikuwa pale pale. Viatu alikuwa amevivua, kavipanga pamoja chini ya benchi. Kitabu kilikuwa kimefungwa mapajani.

"Tufunge Sabato," nikasema.

"Nimeshafunga."

Miaka thelathini na mmoja. Tumefunga Sabato tukiwa na mgonjwa ndani, tumefunga tukiwa na msiba, mara moja tulifunga tukiwa wodini, yeye amemkumbatia Debora wa siku mbili. Siku ile aliimba peke yake, mbele ya kasino, watu wakipita na glasi mkononi, na mimi, niliyekuwa sauti ya kwanza yake, nilikuwa ndani napiga makofi.

Debora alipokuja akauliza, "Mama, umeipenda?"

"Baba yako atakusimulia," Nyangi alijibu.

Na nilisimulia. Nilisimulia mpaka hotelini, na kesho yake nilisimulia tena njia nzima, si kwa furaha, bali ili wale wawili wasipate nafasi ya kuzungumza. Jumapili ile asubuhi, wakati wa kuondoka, tulipita mbele ya ukumbi wa kwaya. Picha ya yule mama wa joho la zambarau ilikuwa ukutani, kubwa kama nyumba, na chini yake watu walikuwa bado wanaingia. Nyangi alishusha kioo.

"Hawa waliwahi tiketi," alisema.

 Jumanne tukapanda ndege.

Musoma, gari lile jekundu lilinipa umaarufu. Watu walikuwa wanakuja dukani kununua nyuzi za nyavu, wanabaki nusu saa. Kasmiri alitoka Bunda makusudi kuja kunisikia. Nilipofika pale kitambaa kinapovutwa, Nyangi alikuwa anapitisha chai, na mtu mmoja akamuuliza, "Mama, nawe uliona?" Akasema, "Mzee ndiye anayejua kusimulia." Akaweka vikombe na kuondoka.

Mwezi wa nane tulikwenda makambi ya kanisa Butiama. Kwaya zilikuja kutoka kila upande, na Sabato mchana, baada ya ibada kubwa, tulikwenda kupumzika kwa mama mkwe, Bibi Robi. Wao walikaa ndani sebuleni. Mimi mkwe nilikaa varandani kama ilivyo heshima, mlango ukiwa wazi. Bibi Robi macho yake yamepungua, ila masikio hayajapungua hata kidogo. Debora alipopiga simu, Nyangi aliweka sauti kubwa ili bibi amsikie mjukuu wake.

Walisalimiana. Bibi akamwambia kwaya zimeimba vizuri sana leo, mama yako amelia. Debora akacheka.

"Mama, mwakani ukija nakupeleka ile kwaya ya Jumapili. Wiki iliyopita nimeenda. Ni nzuri mno."

"Utapata tiketi kweli?" Nyangi aliuliza. "Si zinajaaga?"

"Haijawahi kujaa, mama. Hata asubuhi yenyewe unanunua mlangoni. Mimi nilijua utachagua hiyo. Nilishangaa sana baba aliponiambia umebadilisha, unataka mazingaombwe."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Sikukiweka chini wala sikunywa. Kupitia mlangoni niliuona mgongo wa Nyangi na mkono wake ulioshika simu. Debora akaita, "Mama? Haloo?"

"Nipo, mwanangu."

"Kwani si ulibadilisha?"

"Nilibadilisha," Nyangi alisema. "Nilitaka mwenyewe."

Wakaendelea na mengine, habari za shangazi, habari za mvua. Mimi sikusikia. Namfahamu mke wangu. Ni mtu ambaye mteja akimpa hela zilizozidi anamkimbiza mpaka barabarani. Sikuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa mtoto anayeogopa sindano.

Alipotoka kwenda nyuma kuchukua maji nilimfuata. Nilimkuta amesimama kwenye pipa, ndoo iko mkononi, hachoti.

"Mama Debora, nisamehe. Kwa nini umenifichia?"

"Ulitaka nifanye nini? Nimwambie mtoto baba yako ni mwongo, na bibi yake anasikia?" Hakupandisha sauti. "Ningekuachia ile shoo, Eliud. Ungesema tu unaitaka wewe. Kwani lini ulitaka kitu nikakataa?"

Hajawahi.

"Uongo wa kwako utaujibu mwenyewe," alisema. "Huu wa kwangu nimeusema siku ya Sabato, nyumbani kwa mama yangu. Nimekaa benchi saa nzima nisivunje Sabato, halafu nimekuja kuivunja hapa kwa ajili yako." Akazamisha ndoo. "Usinisaidie. Naweza kubeba."

Mpaka leo Debora hajui. Nimeshika simu mara nyingi nimwambie, na kila mara najikuta naulizia hali ya hewa.

Jioni ile watu wote wa nyumba walikusanyika, vitabu mkononi. Kila tukiwa Butiama kazi ya jua huwa ni yangu pia. Bibi Robi ndiye aliyenipa, mwaka ule ule wa ndoa, na kwa mkwe hiyo ni heshima kubwa. Nilisimama ukingoni mwa uwanja. Anga lilikuwa safi, halina wingu hata moja. Jua liligusa mlima, likabaki ukucha, likaisha. Nilisubiri zaidi ya ninavyosubiri siku zote.

"Mkwe," Bibi Robi aliita kutoka ndani, "limezama?"

"Limezama, mama."

Bibi akaanza kupapasa kitabu chake. Nyangi aliinuka. Alipita mlangoni, akapita pembeni yangu bila kunigusa, akavuka uwanja mpaka kwenye uzio wa minyaa. Akaweka kiganja juu ya macho na kutazama kule nilikokuwa natazama mimi. Wote ndani walimsubiri. Kisha akarudi, akaketi karibu na mama yake, akafungua kitabu.

"Ni kweli, mama," alisema. "Limezama."